Nipe Pacha Wake

Nyamianda, Uvira
Jumapili, tarehe 19 Aprili 1964

Mwanangu Byamungu,

Nimeanza na tarehe, kama Sista anavyotaka, na sasa naahidi kukuambia yote, hata yale ambayo mama huwa anamficha mtoto wake wa kiume. Umekwenda kuwaaga wajomba zako kule Mulongwe. Bibi yako amejinyoosha kidogo baada ya kanisa. Mvua imepumzika, na meza yote ni yangu. Jambo hilo halijatokea tangu meli yako ilipokuja kukaa juu yake.

Sitaandika habari za blanketi, wala za kwinini, wala kwamba usinywe maji ya bandarini. Hayo Bibi amekuambia, na akikumbuka ameacha moja atakuamsha alfajiri akuambie. Mimi nataka kuandika juu ya meli na juu yangu mwenyewe. Kesho utakuwa umekaa katikati ya mapipa ya mawese kwenye boti, huna pa kwenda, utanisoma mpaka mwisho upende usipende.

Unajua kwa nini unaondoka, lakini naandika ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba nilikusukuma. Tangu mvua hizi zianze, vijana wanapanda milimani kwa waasi. Jioni unamwona mtu anachota maji, asubuhi mama yake anauliza majirani. Safari, uliyekaa naye benchi moja shuleni, amepanda kuelekea Rurambo na panga la baba yake. Nao askari wanaosimamisha watu kwenye baryeri ya njia ya Ruzizi wanamtazama kila kijana wa kimo chako kana kwamba amekwisha kupanda na kurudi. Huku wanakutaka, huku wanakushuku. Nina mtoto mmoja.

Ndiyo sababu tulituma salamu Kigoma, kwa Fundi Rashidi, aliyefanya kazi na baba yako katika ateliye ya kuunda boti pale Kalundu kabla baba yako hajafa. Jibu lililetwa kwa mdomo wa mwenye boti, na halikuwa na sukari. Fundi Rashidi hapokei kijana kwa sababu mama yake analia. Alete meli ndogo, urefu wa mkono, ameivisha mbao pande zote mbili kwa mkono wake, ndipo atazungumza naye. Akikubali, utalala kwake na kula kwake na kuwa mtu mwenye kazi. Akikataa, utarudi hapa, na hapa sina tena mahali pa kukuweka.

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani kwetu wakati wote huu. Wageni waliona mchezo wa mtoto.

Kabla sijafika kwenye meli, nikuambie ujinga wangu mwingine, maana umekua ukiusikia kwa vicheko vya Bibi tu. Mwaka wa dipanda, Wabelgiji walipotuachia nchi, baba yako alikuwa amekwisha kufa, na mimi sikupanda muhogo. Walipita watu na megafoni wakisema kila mtu atapata mshahara, hata mjane, na nyumba za Wazungu zitagawanywa. Niliamini. Nilijiambia, nipinde mgongo wa nini, wakati ofisi inakuja kuniita? Nilishona gauni la kitenge la kuendea kupokea nyumba. Bibi yako alipanda shamba lake kimya, akapalilia kimya, na njaa ilipotuingia tukala kwake, wewe na mimi. Kila siku alipoweka sahani ya bugali mbele yangu aliuliza kwa upole kabisa, "Mama Byamungu, ile dipanda yako iko wapi, uilete tuipike?"

Gauni lile ndilo nimekukatia mfuko wa meli. Ni imara.

Sikuandika hili ili ucheke, ingawa cheka. Nimeandika kwa sababu kule utakutana na watu wengi wenye megafoni, na wengine hawatakuwa na megafoni, watakuwa na sauti nzuri tu. Mimi sikudanganywa kwa kuwa nilikuwa mpumbavu. Nilidanganywa kwa kuwa nilikuwa nimechoka. Ukiwa umechoka, mwanangu, usikubali neno lolote kubwa mpaka umelala.

Baada ya njaa ile ndipo nilipoingia darasa la akina mama, kwa masista. Nilikuwa nimeachishwa shule nikiwa msichana mdogo, kwa sababu baba yangu alisema binti akiweza kufuata kitabu cha nyimbo kanisani amesoma vya kutosha. Nilirudi mtu mzima, magoti yakigonga meza. Nakumbuka ulikuwa unanibebea kaye ya kuandikia njiani ili watu wadhani ni yako. Hukuniambia kwa nini, nami sikukuuliza, lakini nilijua, na nilikupenda kwa hilo kuliko nilivyoweza kusema.

Sasa meli.

Mkuku, yaani mti ule wa chini unaobeba meli nzima kama uti wa mgongo, uliuchonga mwenyewe kutoka kipande cha mvule alichoacha baba yako. Mbavu ulizikata mwenyewe. Sikuzigusa. Mbao nyembamba tulizipasua kutoka masanduku ya sabuni, ukazikwangua kwa kigae cha chupa mpaka ukiinua moja juani unauona mwanga. Kazi yangu ilikuwa sufuria. Hiyo niliijua tangu zamani. Baba yako alipokuwa akijifunza kazi alitengeneza meli ndogo kama hii, na mimi, bibi arusi mpya, ndiye niliyemchemshia mbao mpaka zikawa laini kama ganda la ndizi na kukubali kukunjwa. Nilijua ubao ukae majini kiasi gani. Nilijua uutoe kwa vidole vyote, usiushike ncha. Nilidhani kwa kuwa najua sufuria, najua meli.

Uliponiuliza tuanze wapi, nilikujibu mara moja, kama mwanafunzi anayenyoosha mkono kabla swali halijaisha. Nilikuambia tuanze upande wa kushoto, tuumalize wote, ndipo tugeuke. Nilijibu hivyo kwa sababu ndivyo ninavyofundishwa. Unaanza kushoto, unamaliza mstari, huruki, huachi nafasi, huchafui ukurasa wa pili kabla wa kwanza haujajaa. Kaye yangu ni safi kuliko zote darasani, Sista huwaonyesha wengine. Nikataka meli yako iwe safi vilevile.

Ukafanya nilivyosema. Gundi, msumari mdogo wa viatu, ubao. Gundi, msumari, ubao. Upande wa kushoto ukajaa, mzuri, kila ubao umemlalia mwenzake. Nilimwita hata mke wa katekista aje kuona. Tulikuwa tumeielekeza pua yake kusini, kwenye njia ya Kigoma, kwa kuitakia heri. Siku zilipopita mbao zikakauka, nazo zikikauka zinajivuta. Asubuhi moja uliinama ukafunga jicho moja ukatazama toka nyuma.

"Mama," ukasema, "meli iko inaangalia Burundi."

Bibi yako hakuacha kuchambua majani ya sombe. Akasema haina kosa lolote, watu wengi siku hizi wanaangalia kule ng'ambo.

Tulicheka wote watatu. Lakini mkuku ulikuwa umepinda, nami niliuona, na hapo nikafanya kosa la pili ambalo ni baya kuliko la kwanza. Nilikuambia endelea, upande wa kulia ukijaa utairudisha. Nilijua moyoni kwamba si kweli. Nilisema hivyo kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa mzuri mno kuubomoa, na kwa sababu mke wa katekista alikuwa amekwisha kuusifu. Ukaendelea. Mbao za kulia zikakataa. Ukibana mbele, nyuma inafunguka. Ukibana nyuma, katikati inapasuka. Ukazivunja nyingi. Usiku huo wenzako waliimba kule juu, na asubuhi tukasikia Safari ameondoka.

Kilichofuata unakijua, lakini hujui kilivyokuwa upande wangu, kwa hiyo nakiandika.

Uliweka kisu mezani. Ukavaa shati.

"Minye sirudii tena hii kazi, Mama. Mbao haziko zinakutana. Na wenzangu wako wanaenda."

"Wanaenda wapi?"

"Unajua."

Nilijua. Nilikuwa na maneno mengi tayari, nilikuwa nimeyapanga kwa wiki nzima, mengine kwa Kifaransa. Nilipofungua mdomo hakuna hata moja lililotoka, namshukuru Mungu, kwa kuwa lingekusukuma nje ya mlango. Nilichukua karai, nikamimina maji ya moto ya Bibi ya kuogea, nikaitia meli yako ndani, upande mzuri na upande mbaya, yote.

Bibi aliguna kwa sababu ya maji yake. Wewe ulisimama mlangoni.

Nikakuambia, "Kama weye unaenda, nenda. Ila unisaidie kwanza kubandua. Peke yangu nitavunja mbavu."

Ukarudi. Hukuvua shati. Ulikunja mikono tu, na hiyo mikono iliyokunjwa niliitazama kama mtu anayetazama mawingu. Gundi ilikuwa inalegea polepole, na kazi ya kubandua haikubali haraka. Ukivuta kwa hasira unapata nusu ya ubao. Tuliinama juu ya karai moja, vichwa vinagongana. Nikaingiza mkono majini kutafuta, nikatoa mbao mbili zimeshikana, moja ya kushoto na moja ya kulia. Na hapo sauti ya baba yako ikanijia, si kama muujiza, ila kama mtu anavyokumbuka alipoweka ufunguo.

Alikuwa anapenda kusema, "Nipe pacha wake."

Nilikuwa namtolea ubao mmoja kutoka kwenye sufuria, anaupokea, anaubana, kisha bila kugeuka ananyoosha mkono: nipe pacha wake. Mbili kwa mbili, siku zote. Nami kwa miaka yote ile nilidhani ni kwa sababu ya sufuria yangu, kwamba ilikuwa ndogo na haichukui mbao zaidi. Nilikuwa hata naona aibu kwa ajili yake. Kumbe alikuwa anaweka mmoja kushoto, mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja kulia, ili mapacha hao wakikauka wakijivuta, wavutane wenyewe kwa wenyewe, na mkuku ubaki katikati umenyooka. Nilikuwa nimeketi mbele ya somo hilo, nimelishika kwa mikono yangu, moto, linatoa mvuke, na sikulisoma.

Nilikuambia palepale, maji yakinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Uliketi chini. Ukauliza, "Na nini tena alikuwa anasema?"

Ulikuwa mdogo mno alipokufa, nami kwa uchungu wangu nilikuwa nimemfungia mdomo. Sikuwa nakuambia habari zake. Nilidhani nakuhifadhi. Basi siku hiyo nilikuambia yote niliyokuwa nayo: kwamba alikuwa akitafuna kijiti cha mbao aina moja na ile anayofanyia kazi, kwamba alikuwa hapendi kuimba lakini alipiga mluzi vibaya, kwamba alimwogopa Bibi. Bibi akasema kutoka jikoni kwamba alikuwa na akili. Ulivua shati, ukalitundika.

Sikukushinda kwa hoja, Byamungu. Nataka ujue hilo siku utakapokuwa na mtoto anayesimama mlangoni. Nilikuwa sina cha kusema, nikampa mtu kazi ya mkono iliyo polepole.

Mara ya pili tulifanya mbili kwa mbili. Unakumbuka mvua hizo, mbao hazikauki, gundi inaota ukungu, tunaanika meli juu ya mafiga kama ndagala. Ulipokuwa unabana wa kushoto nilikuwa nimekwisha kumshika pacha wake tayari. Kila baada ya jozi ulifunga jicho moja ukatazama toka nyuma. Ukanyoosha mkono kwa ubao unaofuata, ndipo nilipojua iko sawa. Askari walipopita kukagua nyumba, yule mrefu aliishika, akaigeuza, akabonyeza ubavu wake kwa kidole gumba, na mimi nilihesabu pumzi zako kwa kuwa hukuwa unazitoa. Aliirudisha mezani taratibu sana. Akasema kwao, huko Kasai, hakuna maji makubwa. Ndivyo alivyosema tu, akatoka.

Zikabaki mbao mbili za kufunga, moja kila upande. Hizo ni ngumu kwa sababu hazina nafasi ya kukosea, inabidi ziingie kati ya jirani wawili waliokwisha kukauka. Na lazima ziingie pamoja. Mikono yako haikutosha. Ukaniambia, "Mama, weye shika ya kushoto."

Tulikaa tukitazamana, meli katikati yetu, wewe dole gumba lako kulia, mimi langu kushoto, tukasukuma kwa wakati mmoja. Niliuona uso wako kwa karibu kuliko nilivyouona tangu nilipokuwa nikikunyonyesha. Una kovu dogo juu ya nyusi ambalo silijui lilitoka wapi. Yako iliingia. Yangu iliingia pia, lakini nilikuwa nimesukuma mapema kidogo, na ncha ya mbele ikapasuka, upana wa ukucha.

Sasa nafika penyewe. Fundi Rashidi alisema meli iwe ya mkono wako. Jana nilikuona umeshika kipande cha nta, unautazama ule ufa. Hukuutia, uliniona ukaweka nta mfukoni. Siandiki ili kukugombeza, maana mimi ndiye niliyekufundisha kupenda upande mzuri. Lakini nimelifikiria hili kanisani asubuhi yote, sikusikia hata mahubiri. Nakuomba usiutie nta. Akiuliza huu ni wa nani, mwambie ni wa mama. Mwambie pia mbao zilichemshwa na mama, na ya kwanza ilipinda tukaibomoa. Huenda akasema, kijana, nilitaka mkono wako, umeniletea mikono minne. Huenda akakukataa kwa ajili hiyo. Najua ninachokiomba. Hakuna mtu katika mji huu anayejua kuliko mimi kinachokungoja ukirudi.

Lakini kama atakupokea kwa ajili ya ufa uliozibwa, kesho yake atakupa ubao wa boti ya kweli, watu wanapanda humo na watoto wao, na utakuwa umeanza kwake kwa kumfundisha asikuamini. Akikukataa kwa ajili ya ukweli, usirudi mara hiyo. Kaa kwa shangazi yako, dada wa baba yako aliyeolewa huko huko Kigoma. Asubuhi nenda ateliye kwake, chukua ufagio, fagia maranda. Akikufukuza, fagia nje ya uzio. Wewe ni mtu aliyebandua meli nzima akaanza upya huku wenzake wanaimba mlimani. Mtu kama huyo ana subira ya kufagia. Ndivyo ninavyojiambia, na ninaamini ninachojiambia, leo bila kuchoka, nimelala vizuri.

Mimi nabaki. Nina mtihani wa darasa la nne mwezi wa saba, kama hapo shule itakuwa bado shule. Sista amesema nikifaulu ninaweza kuendelea, ila hajui yeye mwenyewe kama watakuwa bado hapa. Bibi amesema yeye haachi muhogo wake kwa ajili ya mtu mwenye bunduki, wa upande wowote. Lakini jana, tukiwa tunamenya, aliniuliza kama mzaha, kama kule Kigoma udongo wake unakubali muhogo. Nilimjibu sijui. Akaendelea kumenya, ila aliuliza.

Nasikia sauti yako njiani, unasalimiana na mke wa katekista, kwa hiyo namaliza. Naweka jina langu hapa, Mama yako, Faida, na swali naliweka chini ya jina, kwa sababu Sista anasema swali likikaa katikati ya barua msomaji hulisahau. Nijibu kwa boti hiyohiyo itakaporudi, hata kama Fundi bado hajasema neno:

Huko Kigoma, mama mtu mzima akitaka kuingia darasa la tano, wanampokea?